Kiki's Delivery Service: katuni ninayoifungua nikiwa hoi na kazi

Naijua kwa ghibu, na bado ndiyo ninayoifungua jioni nikirudi kazini hoi, sitaki kusemeshwa na mtu. Ni katuni ya Kijapani ya mwaka 1989, kazi ya Hayao Miyazaki na wenzake wa Studio Ghibli, iliyotokana na hadithi ya watoto ya Eiko Kadono. Inazidi kidogo saa moja na nusu. Mimi naitazama Netflix.

Kiki ana miaka 13 na ni mchawi kama mama yake. Mila yao inamtaka akifika umri huo aage kwao, akaishi mwaka mzima kwenye mji usio na mchawi mwingine. Basi anapanda ufagio usiku wa mbalamwezi, yeye na paka wake mweusi Jiji, na redio ya baba yake ikining'inia mbele. Shangazi yangu kusikia tu mchawi akanyanyuka kwenda jikoni. Simlaumu, kwetu anayepaa usiku haleti heri, apae na ungo au na ufagio. Lakini uchawi wenyewe humu ni haba. Kiki anajua kuruka, basi. Dawa za mama yake hakujifunza. Kwa hiyo anaishia kufanya wanachofanya vijana kibao wa Dar kwa pikipiki: anapeleka mizigo ya watu.

Mji anaofikia, Koriko, ni wa kubuni, ila wachoraji waliutoa kwenye miji miwili ya Uswidi, Stockholm na Visby. Ni mzuri mno, bahari, vigae vyekundu, saa kubwa mnarani. Na haumjali kabisa. Nusura agongane na basi, askari anamfokea, hotelini wanauliza mzazi wako yuko wapi. Aliyewahi kushuka kituo cha mabasi kwenye mji mgeni na begi moja ataielewa sehemu hii bila kusoma maandishi. Anayemwokoa ni Osono, mama mjamzito mwenye duka la mikate, anayempa chumba cha juu kilichojaa vumbi la unga. Kiki anakideki, halafu anakwenda dukani kununua kikaango na vyakula, na hapo anashtukia jinsi pesa inavyokwisha haraka. Katuni nyingi za uchawi hazina habari na bei ya kikaango.

Sehemu ninayoirudia zaidi ni ile ya pai. Bibi mmoja anataka kumpelekea mjukuu wake pai ya samaki na boga siku ya sherehe yake, lakini jiko la umeme limegoma. Yuko tayari kumlipa Kiki hivyohivyo aende zake. Kiki anakataa, anaona tanuri la kuni la zamani, anakunja mikono, anachochea moto. Muda unakwenda, na yeye mwenyewe jioni hiyo amealikwa mahali. Anaruka na mzigo kwenye mvua kubwa, amelowa chapachapa, anabisha hodi. Mjukuu anafungua akiwa kwenye gauni la sherehe, analalamika kwamba pai za bibi hazipendi, anapokea, anafunga mlango. Imeisha hiyo. Hakuna anayemkaripia binti yule, wala baadaye haji kuomba radhi. Mimi hufanya kazi ya kuhudumia wateja, na sijaona filamu nyingine iliyoupata mlango ule sawasawa.

Kiki anaugua. Osono anamletea uji, anamwambia alale. Akipona, ufagio haumwinui tena na maneno ya Jiji hayaelewi. Anasikia nyau tu. Filamu haituelezi kwa nini, na haina haja. Anakwenda kulala kwa rafiki yake Ursula, msichana mchoraji anayeishi kwenye kibanda msituni, ambaye naye aliwahi kukwama asiweze kuchora. Ushauri wake haunichoshi: ukijaribu ukashindwa, acha, katembee, tazama mandhari, lala mchana, usifanye lolote. Mimi wakubwa wangu huniambia niongeze bidii.

Kama unaweza, itazame kwa Kijapani na maandishi chini. Ya Kiingereza ya Disney iliyotoka mwaka 1998 ilimpachika Jiji vichekesho vingi, na mwishoni ikamfanya asikike akisema tena. Kwenye ya Kijapani paka harudi kuongea, hata Kiki anapoweza kuruka. Mwanzoni iliniuma. Siku hizi naona ndiyo sababu naiamini: nguvu zimerudi, lakini si kila kitu kilichokuwepo kimerudi nazo, na msichana anaendelea na maisha yake. Kiswahili sikukikuta, si sauti wala maandishi, kwa hiyo ukiitazama na wadogo jiandae kuwatafsiria.

Kasoro ninayo moja. Dakika za mwisho kuna tukio la hatari na chombo kikubwa kinachoelea angani kwa gesi, Tombo, mvulana rafiki yake Kiki, akining'inia kwenye kamba na mji mzima ukipiga kelele. Inasisimua, sikatai, hasa Kiki anapoazima brashi ya mfagia barabara na brashi yenyewe ikawa kaidi. Ila kwangu ni kama imeingia kutoka filamu nyingine. Ningeridhika tungekomea kwa yule bibi wa pai, anapomwita Kiki kumpa mzigo, kumbe ni keki na mpokeaji ni Kiki mwenyewe.

Nyota nne na nusu. Na majina yakianza kupita usiache Netflix ikurushe kwenye filamu nyingine. Bonyeza uendelee kutazama, kwa sababu maisha ya Koriko yanaendelea nyuma ya majina hayo, na barua ya Kiki kwa wazazi wake inasomwa hapo.