Tairi za trela la boti: ukague mwenyewe au umpelekee fundi pancha?

Kwa sie wa Unguja tunaovuta boti kutoka mjini mpaka Nungwi au Makunduchi, lazima tairi ziangaliwe kabla hujatoka, suala ni nani aziangalie.

Fundi pancha ana kompresa na geji, upepo anakujazia na nati anakaza chapchap, ila wengine hukaza mpaka basi, ukipata pancha njiani hata ukipanda juu ya spana nati haitoki. Na wengi wanatizama kashata tu, yaani meno ya tairi! Trela linakaa juani miezi na miezi, ubavu wa tairi unachanika huku kashata bado mpya.

Ukikagua mwenyewe unasoma zile namba nne za mwisho ubavuni, 3219 maana yake imetengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2019, upepo unapima asubuhi tairi ikiwa baridi, halafu unapiga jeki unashika tairi juu na chini unaitikisa, ikicheza au ikikoroma ukiizungusha basi beringi hiyo. Hapa ndo mie nasimama na kukagua mwenyewe, maana habu, kile kitovu cha gurudumu zilimo beringi, ikiwa ya moto ukaizamisha baharini inavuta maji ya chumvi ndani, grisi inageuka kama maziwa, na fundi pancha hafungui huko. Kubadilisha beringi lakini mpe fundi wa gari, usijitie ujuzi.

Nati kaza kwa kuruka, moja na ya mkabala wake. Zirejee baada ya kilomita 80 hivi, ingawa kwa Unguja hapo ushafika Nungwi na uko njiani kurudi, kwa hiyo mie huzikaza kule kule kabla ya kugeuza.