Bandua Stika Kwanza: Fantasia Ndefu za Kununua

Nililipa shilingi 900 kwa nusu ya kitabu. Nilikuwa nimemaliza A Clash of Kings ya George R.R. Martin, roho haitulii, nikapita kwa muuzaji mmoja hapa Kisumu nikaona jalada la A Storm of Swords, kitabu kinachofuata, herufi kubwa za dhahabu. Nikalipa, nikapanda matatu ya Kakamega. Kufika Kiboswa nilidhani ni mimi nimesahau mambo, maana watu walikuwa wanaongelea vita ambavyo sikuviona. Kufika Chavakali nikaibandua stika ya bei kwa ukucha. Chini yake: “2: Blood and Gold”. Stika ilikalia ile 2 sawasawa, kama mtu alipima.

Kumbe toleo la Uingereza la jalada jepesi limekikata kitabu hicho vipande viwili, Steel and Snow halafu Blood and Gold. A Dance with Dragons nayo imekatwa vivyo hivyo. Na si Martin peke yake. Mwalimu mmoja wa Nakuru aliniandikia kwamba alinunua The Way of Kings ya Brandon Sanderson, akakesha nayo, na hadithi ikamkatikia kama stima. Alikuwa na sehemu ya kwanza tu. Muuzaji hakumwambia, pengine hata yeye hakujua.

Kwa hivyo hapa sitapanga vitabu kwa uzuri wa ramani wala wingi wa mazimwi. Nauliza moja: ulichoshika mkononi ni kizima?

Namba moja ni Robin Hobb, na sijifichi, huyu ni wangu. Chukua Assassin's Apprentice (1995), Royal Assassin (1996) na Assassin's Quest (1997). Vitatu, kila kimoja kizima, kisa kinafungwa. Fitz ni mtoto wa nje wa mwana wa mfalme. Ana miaka sita hivi babu yake mzaa mama anapomfikisha langoni, anamkabidhi kwa askari na kuondoka. Usiku wa kwanza analala katikati ya mbwa. Nani huku kwetu hajaona mtoto akiletwa kwa kina baba yake hivyo, nguo zake zote kwenye begi la shule, na wenye boma hawajui wamkaribishe au wamfukuze? Hobb hakimbilii vita. Anakaa na huyo mtoto zizini mpaka unanusa farasi. Ukinogewa, ulimwengu huo una riwaya 16, lakini hizi tatu zinatosha hata usipoendelea.

Namba mbili ni Sanderson huyo huyo, ila mwanzie kwa Mistborn: The Final Empire, The Well of Ascension na The Hero of Ages, 2006 hadi 2008. Watu wanameza madini na kuyachoma tumboni wapate nguvu. Inasomeka mbio.

Tatu, N.K. Jemisin, The Broken Earth. Vitabu vitatu, na kila kimoja kilipata tuzo ya Hugo, 2016, 2017 na 2018. Ni dunia ambayo ardhi haiishi kutetemeka. Mtu aliyekulia chini ya volkeno ya Menengai ataielewa upesi. Ingekuwa ya pili, ila dada yangu aliiazima Krismasi na bado “anamalizia”.

The Lord of the Rings utaipata. Tolkien aliiona ni kitabu kimoja, wachapishaji wakaitoa kwa vipande vitatu mwaka 1954 na 1955, kwa hiyo ujanja huu haukuanza juzi. Tafuta ile ya juzuu moja.

The Wheel of Time siipendekezi kwa anayenunua huku. Si kwa ubaya. Ina juzuu 14, mwandishi wake Robert Jordan alifariki 2007 na Sanderson akaandika tatu za mwisho. Sasa nenda madukani: utapata ya 1, ya 2, ya 5 na ya 9. Ukiuliza ya 3 unaambiwa, “Hiyo haitembei, sista.” Itatembeaje na hamjaileta? Ukitaka kuagizia, ulipie usafiri, ulipie na VAT ya asilimia 16 tuliyoletewa kwenye vitabu mwaka 2013, kisha usubiri simu isiyopigwa.

Nakala zile za bei ya chini, karatasi ya kijivu na maandishi yaliyopinda, gundi huachia kabla ya sura ya kumi. Basi.

Nilirudi kwa yule muuzaji. Alikitazama kitabu, akanitazama mimi, akasema, “Lakini hii ndiyo ina mambo mengi.” Steel and Snow hana. Ukiiona soko la Kibuye Jumapili ninunulie, nitakutumia pesa kwa M-Pesa. Ila bandua stika kwanza.