Hedifoni yangu ya blutuuthi iligoma kuwaka kabisa, kumbe ilikuwa haijafa: uzoefu wangu

Niseme mapema kwamba hii hedifoni naipenda na bado naitumia, hata sasa hivi naandika nimeivaa. Ila mwezi wa saba ilinipa mawazo kweli, iligoma kuwaka, si taa si mlio, kimya kama kipande cha plastiki, na nilibaki kidogo tu niiuze spea kwa elfu tano. Naandika ili mwenzangu akikutwa na hali hiyo asikimbilie kutupa wala asikubali haraka akiambiwa betri imekufa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Chang'ombe Dodoma, chumba kimoja tuko watatu na cherehani nne, moja ni ovaloki na ile ikianza kukimbia hata mtu aliyesimama mlangoni humsikii. Alafu naimba kwaya, sauti ya pili, mwalimu wetu anarekodi kila sauti peke yake anatutumia WhatsApp, sasa bila hedifoni kubwa ya kufunika masikio siwezi kushika sauti yangu nikiwa kazini na mazoezi yenyewe ni Jumatano na Jumamosi tu. Kwa hiyo kwangu hiki ni kifaa cha kazi na cha ibada, ndo maana iliniuma.

Niliinunua mwezi wa kumi na mbili, wakati wa sare za shule, sh. 65,000 kwenye duka moja la vifaa vya simu huku mjini. Sauti yake ni nzuri, besi ipo ila haiwamezi waimbaji, unamsikia kila mtu mahali pake. Boksi linasema masaa 40, mimi nasikiliza kama masaa saba kwa siku na inanifikisha siku nne na kitu, ni kama masaa 30, sio mbaya kwa bei ile. Mito ni laini ila ule wa kushoto ngozi imeanza kuchubuka, jasho hilo, si unajua bati la Dodoma mwezi wa kumi na moja likoje.

Sasa mwezi wa tano nikaenda Mpwapwa kwa mama kusaidia kuvuna mtama na alizeti. Hedifoni ilikuwa imeisha chaji kabisa siku ya kuondoka, imeshasema ile betri lo yake ikajizima, nikaitupia kwenye droo ya cherehani nikasema nikirudi nitachaji. Nilidhani nakaa wiki mbili nikakaa karibu miezi miwili. Narudi, naitoa, nabonyeza, hamna kitu. Nikachukua chaja ya mdogo wangu wa kiume, zile mpya ambazo waya una pini ya taipu C huku na huku, nikachomeka usiku kucha, asubuhi naangalia hakuna taa, nabonyeza hakuna kitu. Nikajaribu tena mchana na pawabenki waya ule ule, vile vile.

Kitu kimoja nilifanya ambacho kilikuja kunisaidia sana bila mimi kujua. Ndani ya boksi kulikuwa na ule waya mweusi wa kuchomeka kwenye tundu la earphone la simu, nikauchomeka tu kwa kukata tamaa, mara kwaya ikasikika! Ndogo kidogo ila pande zote mbili. Maana yake spika ni nzima, waya za ndani ni nzima, tatizo liko kwenye umeme tu. Nyingi za hizi kubwa zinaweza kupiga kwa waya hata betri ikiwa tupu, ingawa kuna nyingine zisizokubali mpaka ziwe zimewashwa, kwa hiyo ikikataa usihitimishe kwamba spika zimekufa.

Nikapeleka kwa fundi wa kwanza. Sitamtaja. Hakuifungua, hakupima, aliigeuza geuza mkononi akasema dada hii betri imekufa, na betri za hizi hazipatikani, kama unataka niachie nikupe elfu tano nitoe spea. Nikamuuliza kaka umejuaje bila kufungua, akasema nimezoea. Nikaichukua nikaondoka, na nilifanya vizuri. Mtu ambaye hajapima hana haki ya kukutangazia msiba.

Kesho yake nilikuwa nafuata vitambaa karibu na soko la Majengo, pale kuna kijana ana meza ndogo ya kutengeneza simu, namfahamu kwa sura, nikamwambia, "kijana wangu, hebu niangalizie hii." Kitu cha kwanza aliwasha tochi ya simu akamulika tundu la chaji, akaniita, "mama njoo uone mwenyewe." Nikainama. Jamani. Ndani kulikuwa kumejaa kitu kama blanketi, pamba pamba ya nyuzi zile zinazoruka kwenye ovaloki, zimechanganyika na vumbi letu jekundu na kushindiliwa na pini kila ninapochomeka, mpaka zimekuwa kama kifuniko. Mimi sindano ninazo siku zote kwenye blauzi, nikachomoa moja nikampa atolee, akanizuia mkono. Akasema chuma usiweke kabisa humo, katikati kuna kaulimi kembamba kenye meno ya shaba pande zote, sindano ikikakwaruza au ikiunganisha meno mawili ndo utakuwa umeiua kweli. Akachukua kijiti cha meno cha mti, akakichonga kiwe bapa, akawa anavuta taratibu kutoka pembeni. Kilitoka kipande kizima, ukubwa wa punje ya mchele, cha bluu, nikakitambua kabisa ni nyuzi za sweta za shule nilizoshona Januari. Baadaye akapitisha brashi ndogo kavu. Hakutumia maji, hakupuliza kwa mdomo, anasema mate yanaingia yanaleta kutu.

Nikadhani tumemaliza. Akachomeka ule waya wa mdogo wangu, bado hamna kitu. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna mtu aliwahi kuniambia, na ndo sababu kubwa ya kuandika haya yote.

Ana kakifaa kadogo kanachomekwa kati ya chaja na waya, kanaonyesha volti, yaani msukumo wa umeme, na ampea, yaani wingi wa umeme unaopita. Kwa waya wa C huku na C huku kakaonyesha sifuri. Akatoa waya wa zamani, ile pini pana ya kawaida upande wa chaja na C upande wa hedifoni, akachomeka kwenye chaja ya kawaida tu ya simu ndogo, kakaandika volti 5 na ampea 0.04. Akatabasamu akasema inakula, mama, inakula kidogo lakini inakula.

Nilivyomuelewa ni hivi. Chaja ya taipu C kwenda taipu C haitoi umeme hovyo, inasubiri kwanza ione dalili kwamba kuna kifaa upande wa pili, na dalili hiyo inatoka kwenye vipingamizi viwili vidogo sana, yaani vipande vya kubana umeme unaopita, vya omu 5,100 kila kimoja (omu ndo kipimo chake), ambavyo mtengenezaji anatakiwa aviweke nyuma ya tundu. Baadhi ya watengenezaji wa vitu vya bei ya chini wanaviruka ili kuokoa senti. Kwa hiyo tundu kwa macho ni taipu C kamili ila chaja haioni mtu, inakaa kimya. Ile chaja ya pini pana haiulizi, yenyewe inatoa volti 5 muda wote ukishachomeka ukutani, ndo maana inafanya kazi. Yaani mimi usiku kucha nilikuwa sichaji chochote. Na kweli miezi yote ya mwanzo nilikuwa natumia kale kawaya kafupi kalikokuja na boksi, kana pini pana, ndo maana sikuwahi kuona tatizo, nilipokapoteza kwenye mizigo ya Mpwapwa ndo mambo yakaanza.

Hili linaniudhi kusema kweli. Sh. 65,000 sio hela ndogo kwa mtu anayeshona sketi kwa elfu saba, na kwenye boksi hakuna hata mstari mmoja wa kusema tumia waya wa aina hii tu. Ni vipingamizi viwili vidogo kama chembe ya mchanga! Kama vingewekwa nisingehangaika wiki nzima.

Na ile 0.04 je? Nikamuuliza mbona kidogo hivyo, simu yangu inakula zaidi ya 1. Akanieleza kuwa hizi betri za lithiamu kawaida yake ni volti 3.7, ikijaa inafika 4.2, na ikishuka sana kuna saketi ya ulinzi inaikata ili isiharibike. Ukiiacha imeisha kwa miezi inaendelea kushuka yenyewe taratibu hata kama haijawashwa. Sasa ukija kuichaji ikiwa chini ya volti 3 hivi, saketi haiipi umeme mwingi mara moja, inaitilia kidogo kidogo mpaka ipande, kama mtu aliyekaa na njaa muda mrefu anavyoanzishiwa uji kabla ya ugali. Taa hapo inaweza isiwake kabisa, na watu wengi hapo ndo wanachomoa baada ya dakika tano na kusema imekufa.

Tuliiacha pale nikaenda kwenye vitambaa vyangu. Ilipofika kama dakika 25 akanipigia kelele toka kwenye meza, mama taa! Nikarudi mbio, taa nyekundu imewaka na kipimo kimepanda mpaka 0.4. Nilishika kichwa. Nikataka niibonyeze pale pale akasema ngoja, hedifoni nyingi haziwaki zikiwa kwenye chaji, ukibonyeza haitaitika na utadhani bado mbovu, ichomoe kwanza. Hilo nalo sikujua, na wewe unayesoma kama unaijaribu yako huku waya umechomekwa basi chomoa kwanza ndo ubonyeze.

Ilichaji kama masaa mawili na nusu. Kuwaka iliwaka lakini ikaganda, taa ya bluu imesimama haipepesi na simu haiioni, akashikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kuongeza sauti kama sekunde 15 mpaka taa zikapepesa zote mbili, ikarudi kama mpya, nikaiunga upya na simu. Vitufe vinatofautiana kwa kila aina, angalia kile kikaratasi chake, nyingine ni kitufe kimoja tu unashikilia muda mrefu. Alinitoza elfu tatu, nikampa tano.

Nilimuuliza pia kuhusu kushtua betri maana shemeji yangu alishanishauri, ile ya kufungua na kugusisha waya za betri nyingine moja kwa moja. Alikataa kabisa. Betri iliyoshuka sana ukiilazimisha umeme mwingi kwa mkupuo inaweza kupata moto au kuvimba, na hii unaivaa kichwani. Ukiona ganda limeanza kuachana au limevimba, au inakuwa ya moto sana ikiwa kwenye chaji, acha kuichaji hapo hapo. Na tafadhali usiitupe kwenye lile shimo la taka nyuma ya nyumba tunakochomea moto, betri ya lithiamu kwenye moto inalipuka na watoto wanapenda kuzunguka pale.

Kwa zile ndogo za kuingiza sikioni zenye kikopo chake sina uzoefu mrefu, ila binti wa jirani alikuwa nazo, ya kulia ilikuwa haiwaki na tukakuta vile vijidoti vya shaba ndani ya kikopo vina uchafu wa masikio, tukafuta kwa pamba kavu ikawaka.

Kuna hali ambayo kweli betri inakuwa imechoka, nisiwadanganye. Ikiwa umeichaji ikajaa kabisa, alafu ukiichomoa na kuiwasha inazima ndani ya dakika chache, na umeshasafisha na waya ni sahihi, hapo ndo pa kuongelea betri mpya, na mwambie fundi apime volti mbele yako kabla hujatoa hela. Na kama bado una risiti na iko ndani ya waranti usiruhusu mtu aifungue, rudisha dukani kwanza.

Imeshapita miezi miwili sasa inafanya kazi bila shida, na masaa yamepungua kidogo tu, labda inanipa siku nne kasoro. Naipa nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa sababu ya tundu la chaji. Ukienda kununua, aina yoyote ile, omba pale pale dukani waichomeke kwa waya wa C kwa C uone kama taa inawaka, ni dakika moja tu na muuzaji mzuri hatakataa.

Siiachi tena ikaisha kabisa, nikisafiri naiacha na chaji ya nusu hivi na naifunga kwenye mfuko wa kitambaa nilioushona mwenyewe ili vumbi na nyuzi zisiingie, na siiweki tena kwenye droo ya dirishani inakopiga jua. Waya wake nimeufunga uzi mwekundu kwenye pini, mdogo wangu ameshaambiwa wa uzi mwekundu haguswi. Jumapili hii tuna wimbo mpya na sauti ya pili ndo inaanza, naendelea kuusikiliza.