Ununue VPN au upakue Tor?

Suali ninaloulizwa kila wiki hapa Mkunazini: VPN gani ninunue? VPN ni huduma inayoyafunga mawasiliano yako na kuyapitisha kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni, kabla hayajafika kwenye tovuti. Namrudishia muulizaji suali jengine: unataka nani asikuone?

Kama hutaki ajulikane anayefungua tovuti, ya kwanza kwangu ni Tor, mtandao wa kuficha nani anafungua tovuti gani, nao hauuzwi. Wazo lake lilizaliwa katika maabara ya Jeshi la Majini la Marekani miaka ya 1990, na mtandao wenyewe ukaanza 2002. Umbo lake ni la kitunguu maji. Simu yako huchagua vituo vitatu kati ya maelfu vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea, ikakubaliana na kila kimoja ufunguo wake, kisha ikaufunga ujumbe mara tatu. Kituo cha kwanza humenya ganda la juu: kinakujua wewe na kituo kinachofuata, basi. Cha kati hakikujui wewe wala uendako. Cha tatu humenya ganda la mwisho na kuiona tovuti, ila hakijui ombi limetoka kwa nani.

Hapo pana hatari. Ganda la mwisho likishamenywa, tovuti isiyo na https (alama kwamba mawasiliano nayo yamefungwa) husomeka na mwenye kituo hicho. Na ukiingia Facebook kwa akaunti yako, ushajitaja mwenyewe. Kampuni yako ya simu nayo huona kuwa unatumia Tor, isipokuwa umepitia njia zake za kificho. Mwendo pia ni mzito, kwa video utachoka. Pakua kutoka torproject.org, si kwa kurushiwa na rafiki.

Ya pili ni VPN ya kulipia. Hii ina ganda moja tu, na anayelimenya ni kampuni moja inayokujua wewe na uendako. Kwa Wi-Fi ya gesti au mkahawa inatosha, tena ina kasi. Chagua iliyokaguliwa na wakaguzi wa nje, ulipe mwezi mmoja kwanza. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka wanaotumia VPN kwa kazi zao wajisajili, kwa hiyo lishughulikie hilo kabla ya kulipa.

Ya mwisho, na mbali sana, ni VPN za bure usizojua mwenye nazo ni nani. Seva zina gharama, na asiyekutoza pesa mara nyingi huuza habari zako. Niliwahi kumkuta mama yangu na moja: imeomba majina yote ya simuni, matangazo yanalila bando lake usiku kucha. Niliifuta palepale, tukakaa barazani mpaka magharibi tunabadilisha nywila moja moja.