Mifuko ya kukinga spea na umemetuli: nimeitumia viangazi viwili Dodoma

Kazi yangu ni kutengeneza inveta na amplifaya. Miaka 8 niliifanyia Tanga, spea zikikaa kwenye vifuko vya nailoni na makopo ya plastiki, na sikumbuki kupoteza hata aisii moja (IC, kile kidude cheusi chenye miguu mingi) kwa sababu ya kutunza vibaya. Nilipohamia Dodoma nilikuja na makopo yale yale. Mwezi wa 7 huku, ukivua sweta usiku unasikia inalia tatata na gizani unaona vicheche. Huo ndio umemetuli, chaji ya umeme inayojikusanya vitu vikikwaruzana. Sikuutilia maanani.

Kisha spea zikaanza kunifia mikononi. CD4047, ile aisii inayoendesha inveta nyingi ndogo, naitoa mpya kwenye kopo, naifunga, kimya. Natoa nyingine, inafanya kazi siku tatu halafu mteja huyo mlangoni. Mosfeti za IRFZ44N, zile transista za kuwasha na kuzima umeme mkubwa, nazipima kabla ya kuzifunga, nakuta geti, mguu wa kuziamuru, limeshapiga shoti. Nilimpigia muuzaji wangu nikamwambia ananiuzia feki. Mama mmoja anayeuza juisi alirudisha inveta yake mara tatu. Mara ya tatu hakusema neno, aliiweka tu mezani akakaa kwenye benchi. Ile iliniuma kuliko hasara yenyewe.

Kilichonifumbua macho ni lile povu jeupe la kufungashia televisheni. Nilikuwa nachomeka mosfeti humo ili miguu isipinde. Siku moja likakatika, punje zikaganda vidoleni na kwenye nailoni, nikipuliza haziondoki. Ndiyo chaji yenyewe ile. Pwani hewa ina unyevu, chaji inapungua yenyewe taratibu. Hapa kiangazi hewa ni kavu, inabaki pale pale ikisubiri mguu wa chuma. Na mtu hahisi mpigo wa umemetuli mpaka ufike volti kama 3,000 hivi, wakati geti la IRFZ44N mwisho wake ni volti 20. Kwa hiyo unaiua bila kuhisi kitu. Au unaijeruhi tu, ikaja kufia kwa mteja.

Nilianza na mifuko ya pinki kwa sababu ni rahisi, na hapo nilikosea. Mfuko wa pinki hauzalishi chaji nyingi ukikwaruzana na spea, basi, kazi yake inaishia hapo. Chaji iliyo kwenye kidole changu hauizuii. Tena ile dawa inayoufanya uwe hivyo huisha kadiri miaka inavyokwenda. Sasa naitumia kuwekea karatasi za maelezo na skrubu za bodi, vitu vinavyokaa jirani na spea.

Mifuko ninayoisifu ni ya kijivu inayong'aa, ile unayoona kidogo kilichomo ndani. Katikati ya plastiki yake kuna utando mwembamba wa alumini, kwa hiyo cheche ikigusa nje inasambaa juu ya alumini badala ya kuingia kwenye spea. Sharti ni moja: mdomo ufungwe. Mimi nanunua yenye zipu, maana kubandua selotepu nako kunazalisha chaji, tena karibu kabisa na kile unachokilinda. Nawaona mafundi wenzangu wanatandika mfuko mezani na kulaza bodi juu yake wakiamini wameikinga. Jamani, kinga iko ndani ya mfuko.

Kiangazi cha kwanza nilihamishia humo aisii zote na mosfeti zote, nikawa napima kila moja kabla ya kuifunga kwenye bodi. Sijakuta iliyokufa ikiwa ndani ya mfuko, mpaka leo ninapoandika. Muuzaji ni yule yule, spea ni zile zile. Nilimpigia tena nikamwomba radhi, kwa sababu nilikuwa nimemchafulia jina kwa watu wawili, na hao nao niliwafuata nikawaambia.

Kasoro zipo. Miguu ya aisii inatoboa mfuko, kwa hiyo kwanza nazichomeka kwenye sponji nyeusi ya kupitisha umeme, inayounganisha miguu yote ili pasiwe na tofauti ya volti kati yao. Mfuko uliokunjwakunjwa alumini yake inapasuka. Uinue kwenye mwanga, ukiona mistari na vitundu vingi, tupa. Pia usiuhesabu kuwa kinga ya unyevu. Masika naweka humo kile kipakiti cha punje za kukausha kinachokuja na viatu vipya.

Na mfuko hausaidii kama mkono unaoufungua umejaa chaji. Mkanda wa mkononi, wenye waya wa kupeleka chaji ya mwili wako ardhini, niliununua, nao nikakuta waya umekatika ndani. Upime kabla ya kuuamini: kutoka kwenye kibati cha mkononi hadi kwenye klipu mita isome takribani megaomu 1. Hiyo ni rezista iliyomo kwenye mkanda, kizuizi cha umeme kinachokulinda wewe ukigusa umeme wa volti 230, usiiondoe. Ile mikanda isiyo na waya kabisa msinunue, chaji haina pa kwenda. Nyumba niliyopanga soketi hazikuwa na ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, ikabidi nichimbie fimbo ya ethi nje, na kiangazi naimwagia maji kwa sababu udongo wa huku unakauka ukawa kama tofali.

Bodi zenye betri ndogo ya saa ziwekeni kwenye hii ya kijivu, msiziingize kwenye mifuko myeusi ya kaboni: ile inapitisha umeme hata upande wa ndani, betri inaweza kuisha taratibu stoo. Na mkiagiza chukueni saizi kubwa kuliko bodi. Za kwangu za kwanza zilibana, zipu haikufika mwisho, nikalazimika kununua nyingine.