Mastodon au GoToSocial kwa kikundi kidogo cha Dodoma?

Wanafunzi wa UDOM au wakulima wa zabibu wa Hombolo wakitaka mtandao wao wa kijamii, chini ya jina la kikoa (anwani ya mtandaoni) lao wenyewe, Mastodon na GoToSocial ndizo programu huria mbili ambazo ningezitazama kwanza. Zote hutumia ActivityPub, itifaki (kanuni za seva kuwasiliana) iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2018, hivyo mtu wa Makulu anaweza kumfuata aliye kwenye seva ya Ujerumani bila kufungua akaunti huko.

Mastodon, iliyoanza 2016, imekomaa: ina ukurasa wake wa kusomea na kuandikia, na zana nzuri za kushughulikia malalamiko. Ila ni nzito. Programu saidizi tatu, PostgreSQL (hifadhidata), Redis (kumbukumbu ya muda) na Sidekiq (kazi za chinichini), lazima ziende pamoja, na picha zinazoletwa kutoka seva nyingine hujaza diski upesi usipozisafisha. Kwa kawaida utaishia kukodi seva ya nje na kulipa kila mwezi.

GoToSocial ni nyepesi mno. Ikiwa na SQLite, hifadhidata nyepesi ya faili moja, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inawatosha watu wachache. Haina ukurasa wa kuandikia, basi wanachama watatumia aplikesheni kama Tusky ya simu za Android. Umeme ukikatika, seva za wenzenu hujaribu tena kutuma kwa muda. Kikwazo kikubwa ni anwani ya IP, namba inayotambulisha kifaa mtandaoni: laini nyingi za simu hugawana anwani moja, na seva yenu haitafikika kutoka nje, kwa hiyo muulize mtoa huduma mapema.

Kwa kikundi cha watu ishirini, nachagua GoToSocial bila kusita. Jina la kikoa lichagueni kwa makini kabla ya kuwasha, maana kulibadilisha baadaye huvunja uhusiano na seva zote mlizokwisha kuungana nazo.