Buti la mifupa, lile refu la hewa: wiki 7 mguuni, nyota 4 kati ya 5

Nilikuwa nimebakiza wiki tatu tu nitunukiwe kamisheni ya uafisa wa jeshi la majini, ugoko ukanigomea. Badala ya viatu vya gwaride nikavishwa hili dude la plastiki, wiki 7, sasa mnivumilie.

Kwa asolijua, linaishia chini kidogo ya goti, ndani kuna kitambaa kinene cha sponji na mifuko ya hewa, unapampu kwa kitufe cha pembeni halafu unabana mikanda ya velkro. Nilifika huko kwa ujinga wangu, nilificha maumivu kama siku kumi hivi, sehemu moja tu ya mfupa ukiigusa kwa kidole gumba naruka, nikapigwa eksirei ikatoka safi nikashangilia, kumbe ule ufa unaoletwa na kukimbia sana mwanzoni mara nyingi hauonekani kwenye eksirei, MRI ndo ikaniumbua. Nikatolewa kundini nikae na majeruhi nisubiri kundi linalofuata.

Haya, buti lenyewe. Soli ndo imenifurahisha, imepinda kama tumbo la jahazi, unakanyaga kisigino unajikuta umeshafika vidoleni, ugoko haujashtuka. Hewa usizidishe, mimi kubonyeza mara nne ilitosha, siku niliyojifanya mjuaji nikaongeza vidole vilikufa ganzi katikati ya somo la ramani.

Kilichonikera sasa. Linainua mguu mmoja! Wiki nzima natembea upande kama meli iliyopakiwa vibaya, nyonga ya mguu MZIMA ikaanza kuuma kuliko ule mbovu, hakuna aliyeniambia kitu mpaka fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akaniuliza "mbona huku umevaa ndala?" Vaa kiatu cha soli nene upande wa pili, basi. Hilo lingeandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa.

Velkro nayo inakusanya nyuzi za soksi na mablanketi, wiki ya nne ikawa inaachia ovyo, nikaichokonoa kwa mswaki wa zamani ikarudi. Harufu sisemi, kitambaa kinatoka, kifue kwa mkono ukianike. Ngazi za melini sahau kabisa, zile zimesimama wima na vipandio vyembamba, buti haliingii.

Mwenzangu wa chumbani alikata karatasi akanibandikia kwenye buti alama tatu nyeusi, duara, almasi, duara, zikishuka wima. Waliokariri kanuni za 1972 za kuzuia migongano baharini wameshacheka, ndo alama ya mchana ya chombo ambacho kazi yake hairuhusu kukwepa wengine. Nikawa naitumia kweli koridoni, mtu akinijia mbio nyuma namkumbusha kanuni ya 13, anayempita mwenzake ndo anayempisha. Hata afande mmoja alinizunguka kimyakimya.

Siku kundi langu linatunukiwa nilikaa jukwaani mguu nimeunyoosha, karatasi bado ipo. Nilibandua jioni.

Nyota moja nimekata kwa ajili ya ile nyonga. Na nunueni refu, fupi lile la kifundo kwa ugoko halishiki kitu. La kwangu lipo chini ya kitanda limeoshwa, kamisheni nimeshapata na kundi lililofuata, ila kuna kuruti nimemwona juzi anachechemea na anasema yuko poa.